TEKNOLOJIA: Jinsi ya kugawa kadi ya kumbukumbu katika kompyuta ndogo yenye mifumo miwili

Na MWANDISHI WETU

KATIKA nyanda za majanichai za Kericho na Bomet, alasiri nyingi huandamana na ngurumo, mvua ya mawe na kupotea kwa umeme. Kwa mwenye kompyuta ndogo inayohifadhi rekodi za mvua za shule au hesabu za kikundi cha wakulima, sekunde moja ya giza yatosha kuharibu kazi ya miaka.

Kompyuta hizo, zijulikanazo kama kompyuta za bodi moja, kwa kawaida hazina diski kuu. Kila kilichomo, kuanzia mfumo endeshi hadi faili ya mwisho ya mtumiaji, hukaa katika kadi ya kumbukumbu inayotoshana na ukucha wa kidole gumba.

Wengi hupenda kuweka mifumo miwili au zaidi katika kadi moja, ili kifaa kimoja kifanye kazi kadhaa. Jambo hilo lawezekana, lakini lahitaji kadi igawanywe kwa mpango. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuigawa, na kwa nini mgawanyo bora ni ule unaotenganisha kinachoweza kusakinishwa upya na kile ambacho kikipotea hakirudi.

KOMPYUTA YENYEWE

Kompyuta ya bodi moja ijulikanayo zaidi ni Raspberry Pi, iliyozinduliwa nchini Uingereza mnamo Februari 29, 2012 kwa madhumuni ya kuwafunza vijana uandishi wa programu. Kwa kuwa ni nafuu na hutumia umeme kidogo, upesi ilivuka mipaka ya darasa.

Afrika haikuachwa nyuma. Mradi wa 3D-PAWS, ulioanzishwa na wanasayansi wa Marekani, uliunda vituo vya hali ya hewa ambavyo sehemu zake za plastiki huchapwa kwa mashine. Vituo vyake vya awali viliendeshwa kwa Raspberry Pi, na Zambia na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopata vituo hivyo.

Katika ukanda wa chai takwimu za mvua si pambo. Mji wa Kericho umo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka hukaribia milimita 2,000 au kupita. Ukame wa Januari hadi Machi ukizidi, majani hupungua vikapuni. Mvua ya mawe ikipiga, machipukizi huraruka. Anayetaka kulinganisha mwaka huu na ile iliyotangulia hana budi kuwa na daftari lisilo na pengo.

Mvua ya Jumanne iliyopita haiwezi kupimwa mara ya pili. Mfumo endeshi, kwa upande mwingine, waweza kupakuliwa tena wakati wowote. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa yote yanayofuata.

MPAKA NI MAANDISHI

Patisheni ni sehemu ya kadi iliyotengwa ikatendewa kana kwamba ni kadi ya peke yake. Hakuna ukuta wowote ndani ya plastiki. Kilichopo ni jedwali fupi mwanzoni mwa kadi, lisemalo sehemu ya kwanza yaanzia hapa, ya pili pale.

Msomaji wa eneo hili ataelewa kwa urahisi akikumbuka mwaka wa 1992, Bomet ilipomegwa kutoka wilaya ya Kericho. Vilima havikusogea wala michai haikung’olewa. Kilichobadilika ni maandishi yaliyoonyesha mpaka. Vivyo hivyo, jedwali la patisheni likifutwa kwa bahati mbaya, data zaweza kuwa bado zipo kadini, lakini kompyuta haijui tena pa kuzitafuta.

Jedwali litumikalo sana katika kadi hizi ni la mtindo wa MBR, ulioanza na kompyuta za IBM mnamo 1983. Nafasi yake ni baiti 64 tu, zinazotosha patisheni 4 kuu. Anayetaka zaidi ya 4 hulazimika kuifanya mojawapo kuwa patisheni pana, kisha kuigawa ndani kwa ndani. Katika mfumo wa Linux, sehemu hizo za ndani huhesabiwa kuanzia nambari 5, hata kama patisheni kuu hazijafika 4. Anayeona nambari 5 na 6 bila kuona 3 asidhani kuna kilichopotea.

Mfumo mmoja wa Raspberry Pi OS huhitaji patisheni mbili. Ya kwanza ni ya kuwashia, ambayo sharti iwe na muundo wa faili wa FAT, kwa kuwa ndio unaosomwa na bodi inapoamka. Ya pili ni ya mfumo wenyewe, na hutumia muundo wa ext4. Tangu toleo la Oktoba 2023, patisheni ya kuwashia hutengewa megabaiti 512.

MIFUMO MIWILI, MMOJA KAZINI

Kabla ya kugawa chochote, yafaa swali moja lijibiwe kwa uaminifu. Je, mifumo miwili inahitajika kweli?

Mifumo iliyomo katika kadi moja haifanyi kazi kwa pamoja. Mmoja ukiwashwa, mwingine umelala. Iwapo mfumo wa kwanza unarekodi mvua na wa pili unatumiwa na wanafunzi kujifunza programu, basi katika saa ya somo mvua hairekodiwi. Palipo na haja ya rekodi za mchana na usiku bila kukatizwa, jibu sahihi ni bodi mbili, wala si patisheni nyingi.

Mgawanyo wa mifumo miwili unafaa pale ambapo kazi moja yaweza kuipisha nyingine, au pale ambapo mfumo wa pili unawekwa kama akiba, ili toleo jipya likikataa kuwaka pawe na pa kurudi.

MPANGO WA KADI YA GIGABAITI 32

Kadi iliyoandikwa gigabaiti 32 ina baiti bilioni 32 hivi. Kompyuta nyingi huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,073,741,824, na ndiyo sababu kadi hiyo huonekana kuwa na 29.8 tu. Mnunuzi hajapunjwa.

Mpango ufuatao, kwa gigabaiti za mtengenezaji, unatosha mifumo miwili na hazina ya data:

• Patisheni 1: kuwasha mfumo wa kwanza, 0.5
• Patisheni 2: mfumo wa kwanza, 10
• Patisheni 3: kuwasha mfumo wa pili, 0.5
• Patisheni 4: patisheni pana, inayobeba zifuatazo
• Patisheni 5: mfumo wa pili, 10
• Patisheni 6: data, 6

Jumla ni gigabaiti 27. Zinazosalia huachwa wazi ndani ya patisheni pana, baada ya patisheni ya 6, ili hazina ya data iweze kupanuliwa siku za usoni bila kusogeza nyingine.

Huenda mtu akashangaa kwamba data zimepewa nafasi ndogo kuliko mifumo. Hebu tuhesabu. Kituo kikiandika mstari mmoja wa herufi 60 kila dakika, mistari 1,440 ya siku huchukua baiti 86,400. Kwa mwaka mzima ni megabaiti 32 hivi. Gigabaiti 6 zaweza kubeba rekodi za zaidi ya karne moja. Kilicho na thamani kubwa zaidi ndicho kinachochukua nafasi ndogo zaidi, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutokinakili.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, nakili. Kadi yote inakiliwe ikiwa faili moja katika kompyuta nyingine, na data zinakiliwe tena peke yake. Asiye na nakala asianze.

Pili, andika jedwali lilivyo sasa. Kadi ikiwa ndani ya bodi, amri ya sudo sfdisk -d /dev/mmcblk0 huonyesha mipaka yote kwa maandishi, ambayo yaweza kuhifadhiwa katika faili na hata kuchapishwa karatasini. Jedwali likiharibika, faili hiyo hutumika kulirejesha kwa programu hiyo hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, sakinisha mfumo wa kwanza kwa njia ya kawaida na uuwashe mara moja. Kwa desturi yake, Raspberry Pi OS hujitanua siku ya kwanza na kumeza kadi yote. Uache ujitanue, kisha uzime bodi kwa utaratibu na utoe kadi.

Nne, fanya mgawanyo ukitumia kompyuta nyingine yenye Linux na programu ya GParted. Patisheni ya ext4 haiwezi kupunguzwa ikiwa inatumika, kwa hivyo mfumo hauwezi kujipunguza wenyewe.

Katika hatua hii jina la kadi hubadilika. Ndani ya bodi huitwa mmcblk0, lakini ndani ya kipakatalishi yaweza kuitwa sdb au jina jingine. Tumia amri ya lsblk kabla ya kuchomeka kadi na baada yake, uone ni jina gani lililozuka, na ulinganishe ukubwa. Kosa la herufi moja laweza kufuta diski ya kipakatalishi badala ya kadi.

Tano, fuata mpangilio sahihi. Unapopunguza, punguza muundo wa faili kwanza, kisha mpaka wa patisheni. Unapopanua, panua mpaka kwanza, kisha muundo wa faili. GParted hufuata mpangilio huo yenyewe, ila anayetumia amri kwa mkono hana budi kuukumbuka. Akiugeuza, atakata data zilizo nje ya mpaka mpya.

Sita, unda patisheni zinazosalia na unakili mfumo wa kwanza ndani yake: ya 1 inakiliwe katika ya 3, na ya 2 katika ya 5. Mifumo ya aina nyingine yaweza kuwekwa pia, mradi kila mmoja uwe na jozi yake.

Saba, rekebisha anwani. Katika patisheni ya kuwashia mna faili iitwayo cmdline.txt, ambayo hutaja patisheni ya mfumo kwa kitambulisho kinachoishia kwa nambari yake. Katika patisheni ya 3, mwisho wa kitambulisho hicho ubadilishwe kutoka 02 hadi 05. Kisha katika patisheni ya 5, faili ya /etc/fstab itaje 03 na 05 badala ya 01 na 02. Wengi husahau faili hii ya pili, na matokeo yake ni mfumo unaowaka vizuri huku ukisasisha faili za jirani yake.

KUCHAGUA MFUMO WA KUWASHA

Bodi ikipata umeme bila maagizo mengine, huanza na patisheni ya kwanza. Aliye katika mfumo wa kwanza akitaka wa pili hutoa amri ya sudo reboot 3, na bodi huzima na kuamkia patisheni ya 3. Agizo hilo ni la safari moja tu.

Hapa ndipo hali ya nchi ya chai inapopaswa kuongoza uamuzi. Umeme ukipotea wakati wa somo na kurejea usiku, bodi itarudi katika mfumo wa kwanza yenyewe, hata kama hakuna mtu chumbani. Basi mfumo wa kwanza na uwe ule unaorekodi mvua, na wa wanafunzi uwe wa pili. Aliyepanga kinyume atakuta siku ya Jumatatu kwamba kituo kilikaa bure tangu Ijumaa.

Anayetaka kubadilisha mfumo wa kuanzia moja kwa moja huweka faili ya autoboot.txt katika patisheni ya kwanza, ikiwa na mstari wa boot_partition=3.

NJIA NYEPESI

Asiyependa kugusa jedwali kwa mkono aweza kutumia programu ya PINN, iliyotokana na NOOBS. NOOBS ilitolewa mnamo 2013 na kwa miaka kadhaa ilikuwa mlango wa wanaoanza, kabla ya waundaji wa Raspberry Pi kuleta programu ya Imager mnamo 2020.

PINN huonyesha orodha ya mifumo, mtumiaji huchagua anayoitaka, nayo huigawa kadi. Bodi inapowaka, huleta orodha ya kuchagulia. Ubora wake juu ya NOOBS ni kwamba yaweza kusakinisha upya mfumo mmoja bila kuifuta mingine, na kunakili mfumo mmoja mmoja.

Udhaifu wake ni kwamba nafasi inayobaki hugawiwa mifumo yenyewe. Anayetaka hazina ya data sharti aiombe wakati wa usakinishaji. Kuikumbuka baadaye ni kuanza upya.

UMEME UKIPOTEA

Muundo wa ext4 huweka kumbukumbu ya mabadiliko, hivyo mara nyingi hujirekebisha baada ya kuzimika ghafla. Hata hivyo, kadi iliyokatizwa ikiandika yaweza kuharibika mahali ambapo muundo huo hauoni.

Dawa ni kupunguza kuandika. Kupitia programu ya raspi-config, mfumo waweza kuwekwa katika hali ya kusomwa tu, ambapo mabadiliko yote hukaa katika kumbukumbu ya muda na kutoweka bodi inapozimwa. Hali hiyo hulinda mfumo vyema, ila rekodi za mvua zingetoweka pia iwapo zingekaa humo. Hii ndiyo sababu kuu ya kuwa na patisheni ya 6: mfumo hubaki umefungwa, na data peke yake ndizo zinazoandikwa.

Katika mfumo wa kwanza, patisheni ya data iunganishwe kupitia /etc/fstab kwa maneno noatime na nofail. La kwanza hupunguza uandishi usio wa lazima. La pili huruhusu bodi kuwaka hata kama patisheni hiyo ina hitilafu. Katika mfumo wa pili, iunganishwe kwa neno ro, yaani kusomwa tu, ili mwanafunzi aweze kuchora grafu ya mvua bila kufuta chanzo chake.

Umeme hafifu nao huumiza kama uliopotea. Raspberry Pi 4 huhitaji volti 5 na ampea 3, na chaja nyingi za simu hazifikii kiwango hicho. Alama ya radi ikitokea pembeni mwa skrini, bodi inalalamikia njaa. Betri ya akiba inayompa mtu dakika chache za kuzima kwa utaratibu ni nafuu kuliko kadi tatu zilizoungua.

MAKOSA YA KAWAIDA

Kukubali kufomati. Kadi ikiingizwa katika kompyuta ya Windows, patisheni za ext4 hazisomeki, na ujumbe hutokea ukiuliza iwapo ziandaliwe upya. Jibu ni hapana. Kabla ya 2017, Windows ilikuwa ikionyesha patisheni ya kwanza tu ya kadi. Sasa huziona zote, na vishawishi vimeongezeka.

Kutojali muundo wa kadi kubwa. Kadi za kuanzia gigabaiti 64 huuzwa zikiwa na muundo wa exFAT. Anayenakili faili za PINN kwa mkono lazima kwanza aiandae kadi kwa FAT32, la sivyo bodi haitawaka.

Kununua kadi ghushi. Zipo kadi zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 ilhali uwezo wake ni sehemu ndogo tu. Patisheni zilizo mbele ya uwezo halisi hukubali kuandikwa, kisha data hazionekani tena. Programu za F3 na H2testw hujaza kadi na kuisoma tena ili kufichua udanganyifu huo. Kadi ipimwe siku ya kununuliwa, wala si siku ya msiba.

Kuhesabu patisheni kuwa nakala. Kosa hili ni baya kuliko yote. Vyumba sita vya nyumba moja huteketea kwa moto mmoja. Kunakili data kutoka patisheni ya 2 hadi ya 6 hulinda dhidi ya mfumo uliovurugika, lakini si dhidi ya kadi iliyokufa, iliyopotea au iliyoibwa.

NENO LA MWISHO

Ratiba nyepesi yatosha. Kila Ijumaa, kabla ya ofisi kufungwa, data za juma zinakiliwe katika kifaa kingine kinachohifadhiwa katika jengo jingine. Kila muhula, kadi yote inakiliwe, na nakala hiyo ijaribiwe katika kadi ya akiba ili ithibitike kwamba inawaka. Nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu.

Na juu ya kifaa chenyewe, pabandikwe karatasi yenye jedwali la patisheni, tarehe ya nakala ya mwisho na mahali ilipohifadhiwa. Mwalimu aliyepanga kadi aweza kuhamishwa, na karani aweza kustaafu. Atakayekuja nyuma yao, siku mvua ya mawe itakapopiga tena na skrini ikabaki nyeusi, atahitaji kujua rekodi zi wapi.